Sauti Iliyosema "Huku"

Ukungu hauulizwi njia. Mmenisikia nikimwambia mwenzenu maneno hayo, nanyi mnataka kujua yametoka wapi. Basi sogeeni, methali hii ilianza hivi.

Hapa Taita, kabla ya barabara kuchongwa, bibi yangu Wakio alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima. Mama yake akaugua, akataka kumwona mjukuu kabla ya kufumba macho. Kaka yake Wakio, Mwangemi, akaja kumchukua yeye na mtoto wake mchanga.

Mwangemi aliipanga safari vizuri. Nyikani jua ni kali, wakavuka alfajiri. Mlimani kuna baridi, wakabeba blanketi. Ukungu tu ndio hakuupangia.

Uliwafunika huko juu, mchana kweupe. Wakio alinyoosha mkono, asivione vidole vyake. Ndege wakanyamaza.

"Tukae, kaka. Utapita."

"Mama atatungoja mpaka lini?" Mwangemi akapaza sauti: "Wenyeji! Njia iko wapi?"

Kisha sauti ikajibu, karibu sana, kwa upole: "Huku."

"Umesikia? Kuna mtu."

"Muulize ni wa kwa nani."

Mwangemi akauliza. Sauti ikasema tena, "Huku."

"Usiende, kaka! Mtu akiulizwa kwao, hutaja."

"Kaa na mtoto. Nitarudi kuwachukua."

Wakio alimshika shati, likamponyoka. Akasikia nyayo zikipita majanini, kisha zikakoma. Hakusikia yowe wala kishindo.

"Kaka?"

"Huku, Wakio."

Safari hii ilikuwa sauti ya Mwangemi mwenyewe.

Wakio akanyanyuka. Hapo mtoto akaacha kunyonya, akageuza uso kule sauti ilikotoka, akaanza kutetemeka mwili mzima. Wakio akaketi palepale, akajifunika naye blanketi gubigubi. Sauti ikamwita na kumwita, mara kwa mbali, mara sikioni.

Ukungu ulipoinuka jioni, aliona hatua chache mbele yake majani yamekwisha. Palikuwa na genge, na chini kabisa mawe. Ile sauti ilikuwa imetoka mahali ambapo mtu hana pa kukanyaga.

Watu walimtafuta Mwangemi chini ya genge lile. Hawakupata hata kiatu.

Wakio alifika kwao kesho yake, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa baba yangu. Mgonjwa alijiinua kitandani, akampokea mjukuu, akatazama mlangoni.

"Kaka yako yuko wapi?"

Wakio akaufunga mlango.

"Mama," akasema, "ukungu hauulizwi njia."