Kikapu Chenye Mrehani

Hapo zamani za kale, enyi mlioketi mkanyoosha miguu, wanyama walikuwa na nyumba zao na mafiga yao, na kila asubuhi walisalimiana kwanza ndipo wakagombana. Tulieni basi, niwapeleke hadi Bonde la Ngurunga.

Huko palikuwa na karakana ya ufinyanzi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila mwaka, mto unapoanza kukonda, karakana ifinyange mitungi arobaini mikubwa, ijazwe maji safi, bonde zima linywe mpaka mvua zirudi. Mitungi ikikosekana, hapana jingine ila kuhama, mwendo wa siku tatu juani, hadi ziwa la mbali.

Kiboko alichimba udongo. Kifaru aliukanyaga mpaka ukalainika. Mama Kobe aliufinyanga. Tembo, Mkuu wa Karakana, aliichoma mitungi. Wote walikuwa hodari, na kila mmoja alitaka aonekane hodari kuliko wenzake. Ndiyo sababu kazi iliharibika.

Mwaka huo siku nane zilipita, na uwanjani hapakuwa na mtungi hata mmoja. Palikuwa na vigae.

Tembo akainua mkonga. Pruuuu! Wote wakakusanyika.

"Jamani, nimenyoosha mikono," alisema. "Zimebaki siku ishirini na tatu mto ukauke. Kesho tufunge mizigo, tuhame."

Digidigi, mfagizi wa uwanja, alikuwa akifagia vigae. Ufagio ukamsimama mkononi. Alimfikiria mama yake, kikongwe mwenye goti bovu, ambaye kutoka mlangoni hadi mafigani hupumzika mara mbili. Siku tatu juani? Hata moja asingeimaliza.

"Mheshimiwa Mkuu," alisema, "nipe mimi siku hizo. Niipange kazi."

"Kwa! Kwa! Kwa!" Kiboko alicheka hadi tumbo likatikisa ardhi. "Wewe? Miguu ya njiti! Nikipiga chafya, wewe utaamkia ng'ambo ya mto!"

"Basi ukitaka kupiga chafya, Bwana Kiboko, geukia kule kwanza, nimalize kusema."

Tembo hakucheka. "Na ukishindwa?"

"Mtahama bila mimi. Nitabaki hapa na mama yangu."

Kila mmoja alijua maana ya kubaki.

"Siku ishirini na tatu," Tembo alisema. "Hakuna ya ishirini na nne."

Mnadhani kesho yake Digidigi alikimbia huku na huko akitoa amri? Thubutu! Aliketi juu ya jiwe tangu asubuhi hadi jioni, akatazama.

"Ndiyo kupanga huko?" Kiboko alimkejeli akipita na kikapu cha udongo. Puu! akakimwaga. Akaleta cha pili. Puu! Kufika alasiri alikuwa ameleta vikapu thelathini, na katikati ya uwanja pamesimama kilima. Kifaru aliukanyaga udongo wa upande mmoja; wa upande wa pili ukapigwa na jua, ukakauka, ukapasuka nyufa.

Na Mama Kobe? Kila alipohitaji udongo ilimbidi akipande kilima kile. Kwaru, kwaru, kwaru... pindu! Akabinuka chali, miguu minne hewani. Nusu ya siku yake iliishia kilimani. Alifinyanga mtungi mmoja, na kabla haujakauka Tembo akauwashia moto.

Paa!

Vigae tena.

Jioni Digidigi alimsogelea mfinyanzi. "Shikamoo, Mama Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Nishike hapa, nigeuke."

Digidigi akamgeuza. "Mama, njia ingekuwa wazi, ungefinyanga mitungi mingapi kwa siku?"

"Mitatu. Wa nne ningeufinyanga kwa hasira, nao ungenilipiza."

"Kila mtungi unakula vikapu vingapi vya udongo?"

"Kimoja kilichojaa."

"Na kukauka?"

"Siku sita kivulini, wala usinibembeleze iwe tano. Ugonge kwa ukwato, utakujibu wenyewe. Mbichi husema *dup*. Mkavu husema *ngiii*."

Digidigi akaokota kokoto ishirini na mbili, moja kwa kila siku iliyosalia, akazipanga juu ya jiwe bapa. Akaanza kuzihesabu kutoka mwisho.

"Hii ya mwisho ni ya kujaza maji. Inayoitangulia ni ya moto. Sita hizi za kukauka. Zimebaki kumi na nne za kufinyanga. Mitatu kwa siku, mara kumi na nne: arobaini na miwili. Miwili ya akiba, maana moto hauahidi mtu."

"Mbona unaanza mwisho?" Mama Kobe aliuliza.

"Mwisho ndio tunaoujua, Mama. Mwanzo tumekwisha kuanza mara tisa."

Kulipopambazuka alikwenda kwa wakubwa, akawaambia kweli tupu: Kiboko alete vikapu vitatu kwa siku, Kifaru akanyage vitatu, Tembo angoje siku ya ishirini na moja.

"Vitatu!" Kiboko alifoka. "Wanangu wakiniona na vikapu vitatu, si watasema baba anaumwa?"

"Mimi nikiona udongo, nakanyaga," alisema Kifaru. "Nikianza, sijui kusimama."

"Na moto wangu," alisema Tembo, "hauombi ruhusa."

Basi kweli ilikuwa imekwisha kushindwa, na uji wa asubuhi bado haujaiva. Digidigi akarudi nyumbani, akachuma matawi ya mrehani mlangoni.

"Unakwenda harusini?" mama yake aliuliza kutoka kitini.

"Nakwenda kazini, Mama."

"Na mrehani wote huo?"

"Kuna watu wazito, hawafiki mahali mpaka waalikwe. Nataka niwafanye wakubwa wangu wawe hao."

Mama yake akamtazama, akatabasamu kwa jino lake moja. "Chuma na ule wa nyuma. Una harufu zaidi."

Digidigi alianza na Kifaru. Alimkuta akikitazama kilima cha udongo uliokauka.

"Wanasema hiki hukiwezi, Bwana Kifaru."

"Nani anasema?"

"Wanaosema hawatajwi."

Gurrrum! Kwa msukumo mmoja kilima kikateremka korongoni, na uwanja ukawa mweupe kama kiganja. Kifaru alipokuwa akihema kwa fahari, Digidigi akamwonyesha kikapu kipya, kishikio chake kimefungwa mrehani.

"Bwana mkubwa, nimeona haya jana. Unaingia kazini kama mtu aliyevamia harusi, tena amekuja na sahani yake mkononi! Kuanzia leo utaketi kivulini. Kikapu hiki kikikujia kitupu, na mrehani mbichi, ujue umealikwa. Utakijaza mara moja, kisha utarudi kuketi. Bila mwaliko, usinyanyue hata kidole."

Kifaru akanusa mrehani. "Na Kiboko?"

"Naye ana chake. Ila chako," akamnong'oneza, "ni kikubwa kuliko chake."

Kisha mbio hadi kwenye dimbwi la Kiboko, na maneno ni yale yale: harusi, sahani, mrehani.

"Na Kifaru?" Kiboko aliuliza, akitoa pua majini.

"Naye ana chake. Ila chako ni kikubwa kuliko chake. Usimwambie, ataumia."

"Mimi? Siri kwangu huzama!"

Basi kazi ikaanza. Mama Kobe akimaliza mtungi, kikapu chake kitupu hukimbizwa kwa Kifaru. Kifaru akikijaza udongo laini, kile cha Kiboko hukimbizwa kitupu kwa mwenyewe. Kati yao, ti-ti-ti-ti, Digidigi hupita kama upepo, akiimba:

*Kikapu kimekujia, mrehani kimevaa,*
*Njoo twakusubiria, uwanja umeshang'aa,*
*Kimoja kutujazia, ndicho kinachotufaa,*
*Kisha rudi kutulia, bwana wa watu hukaa.*

Kiboko alikaa. Kifaru alikaa. Mama Kobe hakupanda mlima wowote, wala hakubinuka. Alasiri mitungi mitatu ilikuwa imesimama kivulini, mabega yake yaking'aa.

Ndipo ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Tembo huyo, na kijinga cha moto mkongani.

"Naona mitatu," alisema. "Nisogezeeni kuni."

Digidigi akaruka, akasimama kati ya moto na mitungi. Kivuli cha Tembo kilimfunika mzima mzima. Alijua akipisha, siku yote imekwenda. Na katika kokoto zake hapakuwa na ya kutupa.

"Karibu, Mheshimiwa!" alisema kwa furaha kubwa. "Afadhali umekuja mapema. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kupanga viti."

"Viti?"

"Si unajua mambo ya shughuli. Wafagizi hufika kwanza, kisha wapishi, kisha majirani. Mgeni rasmi huja mwisho, kila mtu amekwisha kuketi, anamngoja yeye. Sasa ukifika leo, Mheshimiwa, kazi iliyopo ni ya viti."

Tembo akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. "Mimi nipange viti?"

"Nilishangaa na mimi!"

"Mgeni rasmi," Tembo alisema polepole, "ataalikwa lini?"

"Siku ya ishirini na moja. Kwa kikapu cha mrehani, na wimbo."

Tembo akakizima kijinga chake mchangani, chwaaa, akaondoka kwa madaha.

Siku zikafuatana. Kila jioni Digidigi aliondoa kokoto moja. Mitungi ikawa tisa, ikawa ishirini na saba, na siku ya kumi na nne ikatimia arobaini na miwili. Kukawa hakuna kazi ila kungoja, na kungoja, wanangu, ndiko kulikomchosha kuliko kukimbia.

Kwani mto ulikuwa umebaki uzi. Siku ya kumi na tisa alimkuta mama yake akikung'uta kibuyu, akilamba ukingo wake. Digidigi akaenda kivulini mbio. Mitungi ya mwisho ilikuwa na siku tano. Tano na sita, kuna tofauti gani? Angemwalika Tembo sasa hivi!

Akaugonga mmoja kwa ukwato.

*Dup.*

Akarudi nyumbani, akampa mama yake maji ya fungu lake, yeye akalala na koo kavu.

Kesho yake jioni akaugonga tena.

*Ngiii!*

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja kikapu kilimfikia Tembo, mrehani umefungwa pande zote mbili. Alifika amejipaka tope jipya, wote wamesimama wakimngoja. Akawasha. Moto ukanguruma, vuuum! Ghafla: paa!

Digidigi akafumba macho.

Paa!

Kisha haukupasuka mwingine. Hadi jua linatua, moto ulinguruma peke yake. Kulipokucha, majivu yalipopoa, Mama Kobe akahesabu, akahesabu tena.

"Arobaini," alisema. "Arobaini kamili."

Bonde zima likapiga vigelegele. Wakashuka mtoni, wakaijaza yote siku hiyo hiyo, na tone la mwisho la mto likaingia mtungi wa arobaini. Mtungi wa kwanza kufunguliwa ulikuwa mlangoni pa kikongwe mwenye goti bovu. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena.

Hapo ndipo Kiboko, kwa furaha, alipokosea.

"Kazi nzuri, Kifaru," alisema. "Hasa ukizingatia udogo wa kikapu chako."

"Udogo? Changu ndicho kikubwa!"

"Changu!"

"Lete tupime!"

Wakaviweka ubavu kwa ubavu. Vilikuwa sawasawa, kama macho mawili ya mtu mmoja. Wakatazamana. Wakatazama mrehani. Kisha, taratibu, vichwa viwili vikubwa vikamgeukia Digidigi, na cha tatu chenye mkonga kikafuata.

"Umetucheza shere," alisema Kiboko.

"Nimewacheza shere," alisema Digidigi, wala hakurudi nyuma hata unyayo. "Asubuhi ile niliwaambia kweli. Kuna aliyenisikia? Nguvu mnazo tangu zamani. Kilichokosekana ni kila mmoja kujua lini aingie. Mrehani umewaambia. Haya, kasirikeni, lakini kunyweni kwanza."

Kifaru akanywa. Kiboko akanywa. Tembo akanywa kuliko wote, akafuta mdomo kwa mkonga.

"Mfagizi atafutwe mwingine," alisema. "Huyu ni msimamizi wa karakana."

Na mwaka uliofuata, mto ulipoanza kukonda, Kifaru na Kiboko walijua hila yote, tangu kikapu hadi wimbo. Lakini hawakutoka. Walikaa mahali pao wamejikwatua, wamenyoosha shingo, wakitazama njiani.

"Ewe Digidigi!" Kiboko aliita kutoka dimbwini. "Mrehani umechelewa kuota, au umenisahau?"

Hadithi yangu imejaa hadi shingoni, siongezi tone. Chukueni neno hili mwende nalo: nguvu isiyojua zamu yake huvunja mitungi, na ikiijua huijaza.