Siku ya Kuijaza Mashua Maji

Hebu vuta picha. Mashua mpya imekaa juu ya magogo kando ya ziwa, haijaelea bado, na kijiji kizima kinakuja na ndoo vichwani. Wanakuja kuijaza maji.

Ndivyo walivyofanya watu wa kijiji hicho tangu zamani. Mashua ikikamilika, maji humiminwa ndani yake ikiwa ingali nchi kavu. Yakipata upenyo hutokea nje, na anayeona tone hupaza sauti: "Inalia!" Fundi huweka alama ya mkaa, kisha huziba hapo kwa pamba iliyolowa mafuta.

Siku hiyo fundi alikuwa Maregesi, na hiyo ndiyo mashua ya kwanza aliyoiunda peke yake. Ingewavusha kina mama wajawazito hadi zahanati ya ng'ambo ya ghuba. Asubuhi iliyofuata angepanda Nyabise, binti wa shangazi yake, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia.

Maji yakamiminwa. Maregesi akaizunguka mashua. Kila alipopapasa palikuwa pakavu.

"Hongera, fundi!" watu wakamwambia. "Mikono yako ibarikiwe!"

Mmoja tu hakupongeza. Ni Nyangeta, muuza dagaa, ambaye ulimi wake uliogopwa na soko zima. Alikuwa amepiga magoti mchangani, shavu likikaribia kugusa mbao.

"Mama, unaibusu mashua ya watu?" mtu akamtania.

"Naitafuta aibu ya fundi," akajibu bila kuinua kichwa. Mara akapiga kelele: "Inalia! Njooni mwone! Maregesi, umetuundia mashua au chujio la tui?"

Watu wakaangua kicheko. Maregesi aliona uso ukimwaka moto.

"Si kweli. Nimepita hapo sasa hivi, palikuwa pakavu."

"Palikuwa pakavu kwa sababu palikuwa panafutwa. Muulize shangazi yako kwa nini kanga yake imelowa."

Kicheko kikakatika. Shangazi akainamisha kichwa. Upindo wa kanga yake ulikuwa ukichuruzika maji.

"Nilikuonea huruma, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mashua yako ya kwanza. Sikutaka wakucheke."

"Shangazi, kesho anapanda nani?"

Shangazi akaketi mchangani na kulia.

Maregesi alilala chali chini ya mashua, akatazama. Kweli, karibu kabisa na mkuku, ule mti mrefu unaobeba mashua nzima, pamba haikuwa imeingia sawasawa kati ya mbao. Akaiziba upya, pole pole, na watu wakajaza maji tena. Nyangeta naye akapiga magoti tena, akakagua ubao kwa ubao. Safari hii aliinuka kimya, akajipangusa mchanga.

Kesho yake, katikati ya ghuba, ziwa lilichafuka kwa upepo. Mawimbi yaliipiga mashua ubavuni. Nyabise, mikono tumboni, hakuyatazama mawimbi. Alitazama chini, miguuni pake. Pakavu. Wakavuka salama, na jioni hiyo akajifungua mtoto wa kike.

Maregesi, aliyewavusha mwenyewe, aliporudi siku iliyofuata hakupitia hata kwake. Alikwenda moja kwa moja sokoni.

"Mama Nyangeta, juzi nilikuchukia. Leo nimekuja kukushukuru. Nyabise na mwanawe wazima, na ni kwa sababu yako."

Nyangeta akajifuta jicho kwa kiganja.

"Haya, nimepokea," akasema. "Ila mlingoti wako umeinama kama mzee anayesinzia."

Maregesi akacheka mpaka akashika mbavu. "Twende ukanionyeshe, mama."

Funzo: Anayeificha kasoro yako huenda anakupenda sana, lakini anayekuonyesha ungali nchi kavu ndiye anayekuokoa. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: yupo mtu aliyewahi kukuambia ukweli ukamkasirikia. Leo, ukipata nafasi, mwambie asante.