Wimbo Ulioachwa kwa Zimwi

Sogeeni, wanangu, niwape chanzo cha wimbo tunaosagia mtama wawili wawili mpaka leo.

Zimwi lilimteka mama mmoja, Nyamvula, likamweka kwenye jiwe la kusagia alisagie mtama. Kila akisaga, aliimba kumlilia mwanawe aliyekufa, akimwita kwa jina. Siku ya kwanza zimwi likafoka, "Nyamaza!" Siku ya pili likasikiliza. Siku ya tatu likalia machozi.

"Mama, nenda zako. Ila wimbo niachie."

Kwa kuchoka kwake, akauacha.

Nyumbani akashika jiwe, mikono ikagoma. Hata jina la mwanawe halikumjia. Akajikokota kurudi. Akalikuta zimwi limepiga magoti, linasaga, linaimba, linamwita yule mtoto kwa jina.

Nyamvula akapiga magoti kando yake.

"Sogea," akasema. "Peke yako utachoka."