Jezi Moja ya Nyamizi

Zimeni kwanza hiyo runinga, msogee hapa, maana ninayotaka kuwaambia yanaihusu yenyewe, na mpaka leo yananichoma.

Katika mji mdogo wa Masandu waliishi majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kalunde, muuza maandazi, alikuwa na ulimi usiokubali jibu nusu. Ukimwambia kesho, atakuuliza asubuhi au jioni. Luhende, fundi wa bati, alikuwa na mikono isiyojua kutupa kitu. Mfuniko wa sufuria uliotoboka kwake ni mali. Mzee Magembe yeye alikuwa na mnara: nguzo za chuma zilizobeba tangi la maji, kitu kirefu kuliko vyote mjini. Aliringa nao kuliko hata ng'ombe wake.

Jirani yao, Mama Nyamizi, alikuwa na mtoto mmoja tu. Nyamizi alichukuliwa kuchezea timu ya taifa ya wasichana, na tangu aondoke mama yake hakuwahi kumwona tena. Siku moja binti akapiga simu: "Mama, Jumamosi tunacheza. Televisheni ya taifa itatuonyesha."

Runinga mama alikuwa nayo, lakini ilionyesha chenga tu, vidoa vyeupe vinavyorukaruka. Akauza mbuzi wake wa pekee, akaenda kwa Kasanda, wakala wa kebo.

"Nitamwona mwanangu?"

"Mama, humo kila kitu kimo," Kasanda akajibu huku akipokea hela.

Waya ukavutwa. Mama akawasha, akaona watu wanauza vikaango kwa lugha asiyoijua. Akabadilisha, akakuta mieleka. Akabadilisha tena, vikaango! Akarudi kwa Kasanda. "Aa, hicho ni Kifurushi cha Shaba. Mpira uko kwenye Fedha." Mama akakopa, akaongeza. Mpira akauona kweli, wa Wazungu. Akarudi tena. "Aa, mama, wa kwetu? Televisheni ya taifa iko kwenye Dhahabu."

Jamani! Mtu anataka kuuona uso wa mwanawe, anauziwa vikaango! Na aliuliza kabla ya kulipa, akaambiwa kila kitu kimo.

Kalunde aliposikia, aliacha maandazi yake jikoni, akaenda kusimama mbele ya meza ya Kasanda.

"Shaba ina nini? Taja kimoja kimoja." Kasanda akataja. "Fedha?" Akataja. "Na hiyo televisheni ya taifa, ninyi mnaitoa wapi?"

"Dada, we nunua tu."

"Sijauliza bei. Nimeuliza mnaitoa wapi."

Foleni ikarefuka, watu wakaanza kunung'unika, jasho likamtoka Kasanda. Mwishowe akafoka: "Inatoka hewani! Tunaidaka kwa antena, kama mtu yeyote anavyoweza!"

"Hewani," Kalunde akarudia polepole. "Mnatuuzia hewa."

Luhende aliposikia, aliacha ndoo aliyokuwa akiiziba. Akachukua mabomba ya pazia, waya na mifuniko mitatu ya sufuria, akagonga, akakunja, akafunga. Antena ikatoka, yenye sura mbaya kama kunguru aliyenyeshewa. Akaipandisha juu ya paa la Mama Nyamizi. Chenga. Akaifunga kwenye mti mrefu. Chenga, ila sasa kwa mbali sauti ya mtu ikasikika. "Antena ni nzima," akasema. "Tuko bondeni. Inataka kimo." Wote wakageuka kuutazama mnara.

Mzee Magembe alipoombwa, aliinua macho akalitazama tangi lake. Huyu ndiye aliyekuwa akifukuza hata watoto wanaocheza kwenye kivuli cha tangi lake. Nafasi pale juu ilikuwa ya kitu kimoja tu.

"Lishusheni tangi," akasema.

"Na maji je, baba?" mkewe akauliza.

"Nitateka kisimani mwenyewe. Mtoto wa jirani ni wetu sote."

Jumamosi runinga ikawekwa uani kwa Mzee Magembe, mtaa mzima ukajaa. Chenga zikayeyuka, wasichana wakaingia uwanjani. Mama Nyamizi akasimama. "Mwanangu kakonda!" Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Nyamizi, funga kamba ya kiatu!" Watu walicheka huku wanafuta machozi, na mimi nikiwa mmoja wao.

Wiki iliyofuata jezi ikafika, ile ile aliyoichezea Nyamizi, haijafuliwa, na ujumbe: "Mama, mpe aliyekuwezesha kuniona."

"Mimi ndiye niliyeufukua ukweli," akasema Kalunde. "Bila mimi mngekuwa bado mnahesabu vifurushi."

"Ukweli hauonyeshi picha," akasema Luhende. "Mimi ndiye niliyeidaka picha."

"Ulidaka chenga," akasema Mzee Magembe. "Picha ilikuja kwangu, na ndoo ya maji ninaibeba mpaka leo."

Hapo akatokea nani? Kasanda! Yule ana uso wa mbuzi, hana haya. "Siri ya hewa niliitoa mimi," akasema. "Nisingesema, mngeijua wapi? Jezi ni yangu."

"Mbuzi wangu umeshamla," Mama Nyamizi akamjibu. "Toka."

Kisha akaiinua jezi, akajifunika nayo usoni, akavuta pumzi kwa muda mrefu. Ilikuwa bado na jasho la mwanawe. Wale watatu walitazama chini, na hakuna aliyenyoosha mkono wala aliyeondoka.

Haya, nimemaliza, hukumu ni yenu. Aliyeuliza, aliyeunda, aliyejinyima, au mama abaki nayo na kuvunja neno la mwanawe? Je, wewe ungeamua vipi? Semeni mmoja mmoja. Ila atakayemtaja Kasanda, aondoke hapa, akaangalie vikaango.