Milusina ya Bi Mbuzi katika Bonde la Fahali

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mafiga na mabaraza yao, Fahali alijitwalia bonde lote la malisho, akaweka madume wenzake kulinda lango. Wadogo wakabaki kutafuna majani ya kandokando ya njia.

Miongoni mwao alikuwa Bi Mbuzi, mjane mwenye watoto pacha. Kiangazi kilichopita kilikuwa kimemwachia hao wawili tu. Kijacho, bila malisho, kingewachukua nao pia.

Mali yake ilikuwa mlusina mmoja nyuma ya nyumba, kichaka chenye maganda kama ya mbaazi, ambacho kilibaki kibichi hata jua lilipopasua udongo. Alijaribu mara nyingi kupanda mbegu zake, lakini zilikuwa ngumu kama kokoto, zikakataa kuota. Siku moja Fahali alipitisha shingo juu ya ua, akala maganda bila ruhusa, kisha mbele kidogo, pwata! Mvua ilipolilowesha rundo lile la kinyesi, miche ikachomoza. Bi Mbuzi akaitazama, akatabasamu.

Basi, sheria ya baraza ilijulikana na wote: mti ni wa mwenye mbegu, popote ulipoota, wala hazuiwi kuufikia. Bi Mbuzi akajaza kapu maganda yaliyokomaa, akamwomba Mzee Punda, mwamuzi wa baraza, amsindikize hadi langoni.

"Shikamoo, Bwana Fahali."

"Marahaba. Umekuja tena kuomba njia?"

"La, Bwana. Nimekuletea maganda matamu. Ila nina ombi dogo: ganda liwe lako, mbegu zibaki zangu."

Madume wakacheka hadi pembe zikagongana, kwa, kwa, kwa. Fahali akamgeukia Punda.

"Mzee, unamsikia huyu? Hapo ndipo akili za mbuzi zinapoishia. Haya, uwe shahidi: mbegu ni zake. Nitakapoziangusha, aje aziokote mwenyewe."

"Nimesikia," akasema Punda taratibu.

Tangu siku hiyo, kila maganda yalipokomaa, Bi Mbuzi alileta kapu. Madume walikula, wakazunguka bonde zima wakijivuna, na walikopita, pwata huku, pwata kule. Mvua zikanyesha, miche ikaota. Kwa kuwa nyasi zilikuwa tele na laini, hakuna dume aliyejishughulisha nayo. Fahali aliiita magugu.

Kisha kiangazi kikaja. Nyasi zikawa vumbi, lakini milusina ilisimama kijani tupu, imempita Fahali mabega. Njaa ikamfundisha kuitazama upya. Alipofungua kinywa ale, Bi Mbuzi alikuwa langoni pamoja na pacha wake na Mzee Punda.

"Samahani, Bwana. Miti hiyo ni yangu."

"Yako? Ndani ya bonde langu? Nani aliyekupandia?"

"Wewe, Bwana. Asubuhi na jioni, tena bila kuchoka."

Madume wakacheka tena, na safari hii hawakumcheka mbuzi. Fahali akakana, akaapa kwamba hajawahi kushika jembe maishani mwake. Punda akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamrudishia maneno yake yale yale ya langoni, neno kwa neno. Fahali akainamisha kichwa, na lango likafunguliwa.

Pacha waliingia mbio, na nyuma yao wadogo wote wa nchi ile. Bi Mbuzi akatoa masharti yake: kila mmoja ale, lakini anayekata matawi aache shina lifikie magoti, ili lichipue upya.

"Na mimi?" akauliza Fahali kwa sauti ndogo.

"Kula, Bwana. Ila kazi yako usiiache."

Fahali akala. Alipoondoka, nyuma yake kukasikika, pwata.

"Ahsante," akasema Bi Mbuzi.

Nanyi wanangu, jueni hili: mwenye nguvu anayemcheka mdogo kabla ya kumwelewa humfanyia kazi bila kujua.