Maji ya Kuombea Mvua

Ukungu ulikuwa umeilalia pwani ya Cobija, nchini Chile, kama blanketi zito, na bahari ilisikika tu, haikuonekana. Zenobia Callisaya aliitegea sikio garini, amekumbatia chupa tupu ya kioo. Alikuwa mzaliwa wa nyanda za juu za Bolivia, nchi iliyopoteza pwani yake yote vitani zamani, na kila Machi ya utoto wake aliandamana na wanafunzi wenzake kuiimbia bahari ambayo hata mwalimu wao hakuwahi kuiona. Sasa alikuwa akisoma Calama, mji wa jangwani upande wa Chile. Siku hiyo ya mapumziko rafiki yake Yasna alikuwa akimpeleka pwani kwa shangazi yake, waende asubuhi na kurudi jioni. Zenobia aliona kama anaota, na aliogopa kuamshwa.

Hata hivyo, hakwenda kutembea tu. Ziwa la kijijini kwao lilikuwa limekauka, mitumbwi imekwama juu ya chumvi na lama, wanyama wao wa mizigo na sufu, wamekonda wakabaki mifupa. Jumapili wazee wangepanda mlimani kuomba mvua, na desturi yao hutaka maji ya bahari. Bibi yake alimtuma yeye, akamsisitizia kwa simu aweke majani ya koka mchangani, aombe ruhusa, kisha asimame tu. Maji ya kuombea mvua hayafuatwi. Husubiriwa mpaka yenyewe yaguse miguu ya mwombaji, na aliyeyakimbilia haombi tena siku hiyo. Mjomba wake, dereva wa lori, angeondoka Calama jioni hiyo hiyo na chupa.

Shangazi Hortensia aliwapokea mlangoni, mchuzi wa samaki ukitokota nyuma yake.

"Karibuni mezani, wanangu. Ukungu huu utaondoka wenyewe."

"Asante, shangazi, nitakula baadaye," Zenobia alijibu, mguu mmoja tayari u nje.

"Bahari haina miguu ya kukimbia, binti."

Yasna alicheka, akamwambia shangazi yake amsamehe mwenzake, kwani alichumbiwa na bahari tangu chekechea. Zenobia hakuwasikia. Alikuwa ameshateremka ufukweni.

Hapo ukungu ulipasuka kidogo, akaiona: ya kijivu, pana, inapumua. Alijawa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Akayasahau majani mfukoni, akaisahau na ruhusa. Wimbi liliporudi nyuma alilifuata; liliporudi tena akalifuata tena, huku akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka maji yakamfika mapajani. Aliizamisha chupa, ikajaa. Kisha akaigeuzia bahari mgongo ili atoke, kama walivyofanya watu wa kwao ziwani vizazi vyote, maana ziwa hukaa mahali pake.

Wimbi lililofuata lilimbeba mzobemzobe, likamgaragaza na kumnywesha chumvi hadi puani. Yasna, aliyekuwa amemfuata ufukweni, alimvuta kwa msuko wa nywele. Alipokwisha kukohoa, chupa haikuwapo.

Waliitafuta mpaka wakachoka. Shangazi Hortensia alileta chupa nyingine bila kumlaumu, Yasna akaijaza na kumpa.

"Chukua. Kule mlimani nani atajua?"

Zenobia aliishika kwa mikono miwili. Aliitamani mno chupa ile. Alimwona bibi yake akiyanyunyiza maji hayo juu ya mawe kwa imani yake yote, moyo ukamuuma. Polepole akayamwaga mchangani.

"Mvua itajua," alisema.

Mchana ukungu uliinuka. Bahari ilionekana yote, ya samawati, tulivu kama mtoto aliyeshiba. Zenobia alikaa mchangani, na maji yakaja yenyewe yakamgusa vidole vya miguu, yakarudi, yakaja tena. Hakuwa na ruhusa ya kuyaomba hata tone. Alilia mpaka wakati wa kuondoka.

Jioni mjomba wake alishika njia bila chupa, naye Zenobia akampigia bibi yake simu. Akamwambia kwamba maji hayaji.

"Uliyakimbilia?"

"Niliyakimbilia, bibi."

"Ukayapata?"

"Nikayapata. Yakanipalia."

Bibi hakumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Jumapili wazee walipanda mlimani mikono mitupu, na mbingu ikabaki nyeupe juu ya ziwa kavu. Kweli, mkamia maji hayanywi, akiyanywa humpalia.