Pimbi Aliyeligonga Jiwe Bovu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa jabali refu. Juu lina makuyu, chini lina kilio."

Haya, sogeeni. Na anayetafuna aache kutafuna, hadithi hii haitaki mdomo uliojaa.

Hapo kale Pimbi na Nyani walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kila jioni, jua likishapoa, walipanda jabali pamoja. Huko juu, kwenye ufa wa mwamba, uliota mkuyu mmoja, na makuyu yake yalikuwa matamu ajabu.

Kupanda kwao kulikuwa na desturi. Pimbi, kwa kuwa ni mwepesi, alitangulia. Kila jiwe aliligonga kwa ukucha kabla Nyani hajalishika. Jiwe zima hulia ngo, ngo! Jiwe bovu hulia bwe, bwe! Nyani mwenyewe hakusikia kitu kwa kuhema, hehe, hehe, kwa hiyo aliuliza kutoka chini:

"Vipi, swahiba?"

"Zima! Panda!"

Nyani akapanda, kwaru, kwaru, bila hata kutazama. Ndivyo alivyomwamini.

Ila alikuwa mlafi, jamani! Wakifika juu, alikula hili, akala lile, akajaza na mashavu. Pimbi akinyoosha mkono, alisukumwa pembeni.

"Ngoja, swahiba, nishibe kwanza."

Na hashibi! Jana Pimbi alipata maganda, leo maganda, na nyumbani watoto wake watatu walilala na njaa.

Jioni moja Pimbi akawaza: "Akiteleza kidogo tu, atatumbukia kwenye kichaka kile cha hapo chini. Atachubuka, atanuna, atarudi kwao. Nami leo nitawapelekea wanangu chakula." Hakutaka zaidi ya hapo. Nawaambieni kweli, hakutaka.

Akagonga. Bwe, bwe!

"Vipi, swahiba?"

Pimbi akakitazama kichaka. "Zima! Panda!"

Nyani akalishika. Jiwe likang'oka, ng'wa! Nyani akakipita kichaka, akaenda kuangukia mawe. Puu!

Pimbi akateremka mbio, roho mkononi. Akamkuta amelala chali, mgongo umevunjika, anavuta pumzi moja moja.

"Pole, swahiba," akasema Nyani.

"Pole ya nini? Wewe ndiye uliyeanguka!"

"Nimekutia hofu. Ulafi wangu umenifanya mzito, hata jiwe zima limeshindwa kunibeba. Wewe uligonga vizuri. Usijilaumu."

Pimbi akapiga magoti kando yake. Alitaka kusema kweli, na kweli ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwisho akajikaza.

"Swahiba, lile jiwe…"

Lakini Nyani alikuwa amekwisha kukata roho.

Pimbi akalia mpaka giza likaingia. Alimlilia rafiki yake, na akajililia mwenyewe, maana aliyesamehewa asichokitubu hana pa kuupeleka msamaha huo.

Kesho yake jioni alipanda peke yake. Makuyu yote yalikuwa yake, mabivu, yanadondoka yenyewe, pu, pu, pu. Hakuna wa kumsukuma. Akatia moja kinywani, likamshinda kumeza. Akayachuma mengine akawapelekea wanawe, wakala, wakashiba, wakacheza. Mkubwa wao akauliza, "Baba, Mjomba Nyani leo hakuja?" Pimbi akatoka nje, akaenda kukaa juu ya jiwe.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Kama ni tamu, gawaneni; kama ni chungu, niachieni mwenyewe.

Mnataka funzo? Funzo ni hili, wanangu: ukiwa na rafiki mlafi, mdanganye mapema, utakula kwa raha zako. Asiyeamini akamuulize Pimbi. Lakini msiende jioni. Jioni hawezi kusema.